Yoga ya Tiba na Utulivu wa Neva: Mlaji Ajue Nini Kabla ya Kulipa

Somo hili linamhusu mlaji anayetangaziwa kwamba yoga itatuliza neva zake, itamwondolea kiwewe na kuponya majeraha ya moyo. Hatuliandiki ili kumkataza mtu yeyote kufanya yoga. Tunaliandika kwa sababu katika huduma hii kitu chenye faida ya kweli, tena kinachoweza kupatikana bila malipo, mara nyingi huuzwa pamoja na ahadi zisizo na msingi, na mnunuzi huachwa atenganishe mchele na pumba peke yake.

Tumechagua Kagunga kuwa mfano. Kata hii ya Wilaya ya Kigoma imekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Msafiri anayetoka Kigoma mjini hupita majini, akiiacha Hifadhi ya Taifa ya Gombe upande wake wa kulia, kisha Mwamgongo, hadi afike. Umbali wa huduma za kitaalamu hupimwa kwa nauli ya boti na hali ya upepo, na kwa sababu hiyo mtu anayeshuka ufukweni na huduma mkononi hupata wasikilizaji haraka kuliko angewapata mjini.

Tena Kagunga ina kumbukumbu nzito. Mwezi Aprili na Mei 2015, machafuko ya kisiasa yalipozidi nchini Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walivuka na kujazana kwenye ufukwe huo. Maji safi na vyoo havikutosha. Kipindupindu kikazuka, kikawapata wakimbizi na wenyeji pia, na watu wapatao 30 wakafariki mkoani Kigoma katika wiki chache. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilipiga safari baada ya safari ikiwa na watu kama 600 kwa mara moja, ikiwapeleka Kigoma mjini ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Hayo ni mbali na misiba ya kawaida ya ziwani, ambako mvuvi huondoka jioni na familia hungoja alfajiri ikiwa haina uhakika. Mtu aliyepitia mambo ya namna hiyo anaweza kushtushwa na kishindo kidogo miaka mingi baadaye, kukosa usingizi, kuumwa kichwa au tumbo pasipo ugonjwa unaoonekana, au kukwepa mahali fulani bila kuweza kueleza sababu. Huyu ndiye mteja ambaye tangazo la yoga ya tiba linamtafuta.

Tuchukulie, basi, kwamba mtu anashuka kutoka kwenye boti akiwa na mikeka kumi na spika ndogo. Anasema yeye ni tabibu wa yoga. Anaahidi kwamba madarasa 12 yatafuta kiwewe chote na kuponya sonona, presha na kifafa. Anadai shilingi 150,000 zilipwe zote kwanza, na anawashauri wanaotumia vidonge waviweke kando ili mwili usafike. Mtu huyu tumemtunga, lakini ahadi zake hazikutungwa hapa. Ni ahadi za kawaida katika biashara ya tiba mbadala duniani, na zinafaa kuchunguzwa moja moja.

Yoga yenyewe

Yoga ilianza India zamani sana, na jina lake latoka katika Kisanskriti, likiwa na maana ya kuunganisha. Kinachofundishwa leo madarasani kwa kawaida ni mambo matatu: mikao ya mwili, namna ya kuvuta na kutoa pumzi, na kutuliza fikra. Mwezi Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza yoga ya India katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika Afrika Mashariki imeenea zaidi mijini. Mradi wa Africa Yoga Project, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2007, umewafundisha vijana wengi kuwa walimu na kupeleka madarasa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini.

Swali la dini huulizwa mara nyingi, na ni swali halali, hasa katika mkoa wenye mji wa Kiislamu wa kale kama Ujiji na makanisa mengi pwani yote ya ziwa. Yoga ina mizizi katika dini za India, na baadhi ya walimu huchanganya mazoezi na matamko ya ibada. Wengine hawafanyi hivyo kabisa. Mwaka 2009 Baraza la Ulamaa la Indonesia liliwakataza Waislamu yoga yenye matamko ya ibada lakini halikuyazuia mazoezi matupu ya mwili, na Novemba 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa mchezo. Sisi hatutoi fatwa wala mahubiri. Tunasema tu kwamba mlaji ana haki ya kuambiwa mapema darasa lina nini ndani yake, na mwalimu anayekwepa swali hilo amekwepa wajibu wake.

Kwa nini pumzi hutuliza

Mwili una neva zinazoendesha moyo, mapafu, tumbo na mishipa ya damu bila kungoja amri yetu. Sehemu moja ya neva hizo huuandaa mwili kupigana au kukimbia: moyo hudunda kwa kasi, misuli hukaza, mate hukauka. Sehemu nyingine huurudisha mwili katika hali ya kupumzika na kuyeyusha chakula, na mshipa wake mkubwa ni neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni. Kwa mtu aliyepatwa na kiwewe, sehemu ya kwanza huwashwa kwa urahisi mno na huchelewa kuzimika. Hajipendi kuwa hivyo, wala si mwoga. Mwili wake ulijifunza kujilinda, na haujaambiwa kwamba hatari imepita.

Moyo hatuwezi kuuamuru upunguze kasi. Pumzi tunaweza. Msomaji anaweza kuthibitisha jambo hili sasa hivi: weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhisi mapigo. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Watu wengi, hasa vijana, huhisi mapigo yakienda kasi kidogo wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kutoa. Kazi hiyo ya kupunguza hufanywa kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi. Kwa hiyo mtu anayerefusha pumzi ya kutoka anatumia njia ambayo mwili wenyewe umewekewa.

Zoezi lenyewe ni jepesi, na tunalieleza hapa kwa ukamilifu ili asiwepo atakayeliuziwa kama siri. Kaa kwenye kiti, kigogo au ukingo wa mtumbwi uliopandishwa nchi kavu, nyayo zote mbili zikigusa chini, mgongo ukiwa umenyooka bila kukazwa. Macho yanaweza kufungwa au kubaki wazi. Mtu ambaye giza humletea picha mbaya ayaache wazi na atazame kitu kimoja kisichosogea. Vuta hewa kwa pua ukihesabu polepole moja hadi nne. Toa ukihesabu moja hadi sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Endelea kwa dakika tano, asubuhi na kabla ya kulala. Ukihisi kizunguzungu au ganzi ya midomo, unavuta hewa nyingi mno: acha, pumua kama kawaida, na siku nyingine punguza nguvu. Anayetaka kuongeza mwendo wa mwili anaweza kuinua mikono anapovuta na kuishusha anapotoa. Hahitaji mkeka wala mavazi maalumu kwa hilo.

Ushahidi unafika wapi

Mwaka 2014 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na daktari Bessel van der Kolk. Wanawake 64 waliokuwa na kiwewe sugu, ambacho tiba nyingine zilikuwa hazijakimaliza, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 10, na jingine lilipata elimu ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe, dhidi ya asilimia 21 katika kundi la pili.

Matokeo hayo ni mazuri, na yasomwe kwa uangalifu. Watafiti wenyewe waliiita yoga hiyo tiba ya nyongeza, yaani ya kuambatana na matibabu mengine. Washiriki walikuwa wachache. Na karibu nusu ya waliofanya yoga walimaliza wakiwa bado na ugonjwa. Anayenukuu utafiti huu ili kuahidi uponyaji kwa kila mtu amechukua nusu ya habari na kuificha nusu nyingine.

Karibu zaidi na Kigoma kuna ushahidi ambao wauzaji wa yoga hawautaji, nao unastahili kujulikana ufukweni mwetu. Ng'ambo ya ziwa, katika Kivu Kusini pamoja na Kivu Kaskazini, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Baadhi yao walipata mazungumzo ya tiba katika vikundi, yakiongozwa na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo, na wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa katika vikundi ndio walioonekana kuwa bado na sonona au wasiwasi mkubwa, ikilinganishwa na asilimia 42 ya wale wengine. Nchini Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa programu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa kwa vikao vitano vya sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha. Programu ile haikuwa yoga, ingawa nayo ilifundisha kutulia na kurudisha fikra kwenye pumzi na mazingira. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mfadhaiko ulipungua zaidi kwa waliohudhuria.

Tunachokiona katika tafiti hizo ni kwamba watu walikutana mara kwa mara, kwa utaratibu unaoeleweka, pamoja na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Yoga inaweza kuwa mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Ukweli kwamba imetoka mbali hauipi nguvu ya ziada.

Mahali penye hatari

Ahadi tunayoiogopa kuliko zote ni ile ya kuweka vidonge kando. Anayetumia dawa za kifafa akiziacha ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika, na hilo huua. Kwa watu wa ziwani hatari huongezeka, kwa kuwa kifafa kikimkamata mtu akiwa mtumbwini au akioga, anazama kabla hajafikiwa. Dawa za sonona na za magonjwa ya akili nazo hupunguzwa hatua kwa hatua na aliyeziandika, na dawa za presha zikikatizwa zinaweza kumletea mtu kiharusi. Hakuna mwalimu wa yoga, hata awe hodari vipi, mwenye mamlaka ya kukuachisha dawa. Ukisikia maneno hayo ondoka, na kama umelipa, dai fedha zako.

Kuna hatari ndogo zaidi zinazosahaulika. Kusimama kwa kichwa na mikao mingine ya kuinamisha kichwa chini huongeza msukumo ndani ya jicho, kwa hiyo haimfai mwenye presha ya macho, wala mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Mazoezi ya kupumua kwa kasi na kwa nguvu hayamfai mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo wala mjamzito. Mjamzito aombe ushauri kliniki kabla ya darasa lolote, na mwalimu mzuri atamuuliza kuhusu ujauzito kabla yeye hajasema.

Halafu kuna kuguswa. Walimu wengine huwasahihisha wanafunzi kwa mikono, na kwa mtu aliyewahi kudhulumiwa mwilini, mkono wa ghafla mgongoni waweza kurudisha yote aliyokuja kuyapunguza. Yoga inayofundishwa kwa kuzingatia kiwewe huwa na masharti yanayotambulika kirahisi: mwalimu hagusi bila kuombwa, hasimami nyuma ya mtu, hafungi mlango, na husema “ukipenda” badala ya kuamuru. Mwanafunzi anaweza kuacha au kutoka bila kujieleza. Anayesema kwamba mguso wake ndio tiba, au kwamba mama fulani anahitaji kipindi cha faragha usiku, apelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Jambo hilo si la mlaji na muuzaji tena.

Cheti kina maana gani

Mteja wa Kagunga huenda akaonyeshwa cheti chenye muhuri wa nje, nacho mara nyingi kitasema saa 200. Hicho ni kiwango cha chini cha mafunzo ya mwalimu wa yoga kinachotumiwa na shirika la Marekani liitwalo Yoga Alliance. Ni chama cha hiari, na cheti cha kiwango chake si leseni ya kutibu. Mwaka 2016 shirika hilohilo liliwataka walimu waliojisajili kwake waache kujitambulisha kupitia usajili huo kuwa watoaji wa tiba ya yoga. Chama kingine cha kimataifa, kinachoshughulikia tiba ya yoga hasa, hudai mafunzo ya saa 800 juu ya zile 200. Kwa hiyo tofauti kati ya mwalimu na tabibu inatambuliwa na wenye fani wenyewe, na mlaji asione haya kuiulizia.

Hapa nchini mpaka ni huu. Anayefundisha mazoezi na kusema anafundisha mazoezi anauza huduma kama ya mwalimu wa michezo. Anayetangaza kwamba anatibu sonona, kiwewe au kifafa ameingia katika uwanja wa afya, na anapaswa kuwa amesajiliwa. Huduma za tiba asili na tiba mbadala zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Mwombe akuonyeshe cheti chake cha usajili, au uulize kwa mratibu wa tiba asili na tiba mbadala katika halmashauri yako. Juu ya hayo, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma. Neno “itakuponya” likitamkwa ili kuvuta fedha, mtamkaji aulizwe uthibitisho wake.

Ukiamua kulipa

Mtu akipenda darasa, akamwona mwalimu ni mkweli na bei anaimudu, na alipie. Kujumuika na wenzake tu huweza kumfaa, na kazi ya mwalimu ina thamani yake. Tunashauri alipe darasa moja moja, au wiki moja kwanza, kabla ya kukubali kifurushi kizima. Katika kijiji ambacho kipato hutegemea giza la mwezi na wingi wa dagaa, malipo ya miezi mitatu kwa mkupuo ni mzigo ambao muuzaji makini hatauweka juu ya mteja wake. Kabla ya fedha kutoka, mwalimu ataje kwa maandishi, walau kwa ujumbe wa simu, idadi ya madarasa, mahali, bei, na itakuwaje boti isipofika au yeye asipotokea. Akikataa kuandika sentensi tatu, mteja amekwisha pata jibu.

Na kama dalili ni nzito, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, hata kama mwalimu wa yoga yuko mlango wa pili. Dalili hizo ni kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, kuacha kula, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kushindwa kwenda ziwani au shambani, au kufikiria kujiua. Mhudumu ataamua kama mgonjwa apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma mjini. Mtu anayesema anataka kufa asiachwe peke yake wakati boti ikitafutwa, na nyavu za kuchukuliwa kwake, kamba na viuatilifu viondolewe karibu naye.

Malalamiko dhidi ya mtoa huduma yanaweza kuanzia kwa mtendaji wa kijiji, kisha yakafikishwa kwa mratibu tuliyemtaja kama ni suala la tiba, au kwa Tume ya Ushindani kama ni udanganyifu wa kibiashara. Yote hayo huenda haraka zaidi mlalamikaji akiwa na kitu mkononi. Weka risiti. Hifadhi tangazo kama lilivyokuja, pamoja na ujumbe wa sauti wenye ahadi, na andika tarehe ya kila darasa ulilohudhuria. Aliyelipa kwa simu asifute ujumbe wa muamala, kwa kuwa una jina lililosajiliwa kwenye namba ile, nalo mara nyingine si jina alilojitambulisha nalo mtu yule aliposhuka kwenye boti.